Chesisi ya Pikapu ya Zamani: Namna ya Kutibu Kutu na Kuizuia Isirudi

Ukiishi Tanga, Kilwa, Mombasa au Unguja, kutu ni jirani yako. Utaiona kwenye nondo za dirisha, kwenye mabati, kwenye bawaba za geti lililopakwa rangi juzi tu. Kwenye gari huchelewa kuonekana kwa sababu kazi yake huifanya chini, gizani. Mtu akipeleka pikapu gereji ataulizia injini, giaboksi, difu na tairi. Chesisi, yaani fremu ya chuma inayobeba gari zima, haitajwi mpaka siku kishikio cha springi kinapochomoka na gari kulala ubavu barabarani likiwa na mzigo.

Pikapu yangu ni Hilux LN106 ya mwaka 1994, dizeli ya 2.8. Niliinunua kwa mtu aliyekuwa akibebea samaki na barafu. Nilipoinama kuangalia chini nikakuta kweusi tii, kunang'aa lami mpya, nikafurahi. Miezi minne baadaye fundi aligonga chesisi upande wa nyuma kwa nyundo ndogo. Lami ikabanduka pamoja na kutu nene kama gamba la mti, na nyuma yake tukakuta tundu la kupitisha kidole.

"Mzee, ulichonunua hapa ni rangi," akaniambia.

Siku ile nilijifunza jambo ambalo kila hatua ya mwongozo huu inalirudia: chesisi huoza kutoka ndani kuja nje. Unachokiona kwa nje ni mwisho wa safari ya kutu. Ukipaka nje na kuacha ndani, umeifunika kutu shuka ilale vizuri.

Kwa nini pwani, na kwa nini chesisi

Chuma kikikutana na maji na hewa hushika kutu, hilo kila mtu analijua. Chumvi inachofanya ni kuyawezesha maji hayo kupitisha umeme kwa urahisi, na kutu ni kazi ya umeme mdogo unaotembea juu ya chuma. Halafu chumvi ina ujanja mwingine: huvuta unyevu. Chumvi ya kawaida huanza kulowa yenyewe unyevu wa hewa ukifika kama asilimia 75, na usiku wa pwani huvuka hapo mara nyingi. Kwa hiyo chesisi yenye chumvi hulowa kila usiku hata kama mvua haijanyesha mwezi mzima.

Chesisi ya pikapu imejengwa kama ngazi: mihimili miwili mirefu na vipande vya kukatiza katikati. Sehemu kubwa ya mihimili hiyo ni boksi lililofungwa, lenye matundu ya kutolea maji upande wa chini. Mchanga wa ufukweni, tope la masika na maji ya samaki huingia kupitia matundu hayohayo, hukaa ndani, huyaziba, na boksi likageuka kibuyu. Kutu huchukua nafasi kubwa kuliko chuma ilichokila, ndiyo maana mabati mawili yaliyolaliana husukumana na kuachana tabaka kwa tabaka kama chapati ya kusukumwa.

Usidhani ni shida ya huku kwetu peke yake. Marekani, ambako barabara humwagiwa chumvi wakati wa theluji, chesisi za Toyota Tacoma zilioza kiasi cha wenye magari kwenda mahakamani, na mwaka 2016 Toyota ikakubali mapatano yaliyokadiriwa kufikia dola bilioni 3.4, yakihusisha pia Tundra na Sequoia za miaka fulani. Japani nako, mikoa ya kaskazini kama Hokkaido hutumia chumvi barabarani. Ukiagiza pikapu kutoka huko, swali la kwanza kabla ya kilomita liwe hili: gari liliishi mkoa gani?

Kwanza jua kama kuna cha kuokoa

Kabla ya kununua hata msasa, tenga nusu siku ya ukaguzi. Utahitaji jeki, stendi mbili madhubuti za chuma, taa ya kichwani, nyundo ndogo, bisibisi kubwa ya bapa, na chaki.

Nasisitiza stendi. Nimeona watu wanaegesha gari juu ya tofali za saruji na kuingia chini. Tofali la saruji halipindi kabla ya kuvunjika. Hupasuka ghafla na gari likashuka lote. Jeki nayo ni ya kuinulia tu. Weka vizuizi kwenye tairi zilizobaki chini, shusha gari juu ya stendi, lisukume kwa mkono uone kama linacheza, ndipo uingie.

Anza mbele, maliza nyuma, ukigonga kila sentimita kumi hivi. Chuma kizima hulia, hutoa sauti kali inayorudi mkononi. Chuma kilicholiwa hunyamaza: sauti inakuwa butu, kama kugonga gogo bichi. Ukisikia ukimya huo, weka alama ya chaki na usukume kwa bisibisi kwa nguvu zako zote. Usiionee chesisi huruma. Bati lake lina unene wa milimita chache tu, na mahali ambapo bisibisi inazama leo ndipo pangekatika kesho ukiwa na magunia ya nazi nyuma.

Tafuta zaidi hapa: upinde wa mihimili juu ya ekseli ya nyuma, vishikio vya springi, mbele na nyuma yake, nyuma ya tairi za mbele, panapopigwa mawe, chini ya bushi za bodi (mipira inayoikalisha bodi juu ya chesisi), sehemu iliyo juu ya tangi la mafuta, ambako tope hukaa miaka bila kuoshwa, na kila mahali palipochomelewa bati juu ya bati. Bomba za breki zinazopita kando ya mhimili uziangalie moja moja, hasa chini ya vibanio vyake. Bomba lililovimba kutu halisafishwi, linabadilishwa. Ukipata la shaba iliyochanganywa na nikeli, chukua hilo, halitakusumbua tena.

Baada ya hapo una makundi matatu. Kutu ya juu, ile ya rangi ya chungwa inayofutika kwa brashi, ni kazi ya mwenyewe. Kutu ya magamba, ambayo ukiyatoa bado kuna chuma kigumu, ni kazi ya mwenyewe pia ila yenye jasho. Tundu, au mahali pananyong'onyea, ni kazi ya fundi wa kuchomelea. Kama matundu yako karibu na vishikio vya springi pande zote mbili, au kwenye mguu wa boksi la usukani, au mhimili umeshapinda, kaa chini upige hesabu. Chesisi nyingine iliyotumika, yenye karatasi zake, inaweza kuwa nafuu kuliko viraka kumi, lakini namba ya chesisi hubadilika na hilo ni jambo la mamlaka ya usajili kabla ya kuwa la fundi. Maliza ya ofisini kwanza.

Na hapohapo kwenye namba: katika Hilux nyingi imepigwa kwenye mhimili wa kulia, mbele, karibu na tairi. Itafute siku ya kwanza, isafishe kwa mkono kwa brashi laini, ipige picha, kisha ifunike kwa utepe wa karatasi wenye gundi. Grenda isipite hapo kabisa. Namba iliyosagwa, hata kwa bahati mbaya, itakufanya ushukiwe mwizi wa gari lako mwenyewe.

Chagua msimu

Kazi hii ya chuma kitupu na rangi haifanywi masika. Kwa pwani yetu napenda Januari na Februari, kaskazi ikivuma na mvua za vuli zimeisha. Juni hadi Septemba nako hakunyeshi sana, ila kusi huleta rasharasha za chumvi kutoka baharini, na kama gereji yako iko karibu na ufukwe itabidi utundike turubai upande wa upepo. Panga siku tano mfululizo. Kazi ya kupaka ianze saa nne asubuhi, umande umekauka, na iishe saa tisa alasiri. Chuma kikiwa baridi kuliko hewa hutoka jasho usiloliona, na rangi iliyopakwa juu ya jasho haishiki.

Kuosha: hapa ndipo wengi huharibu

Chumvi haitoki kwa brashi ya waya. Brashi huisaga na kuishindilia kwenye vinyweleo vya chuma, halafu rangi huifunika. Baada ya miezi kadhaa rangi huinuka malengelenge, na ndani ya lengelenge kuna maji. Kwa hiyo chesisi huoshwa kwanza, na huoshwa tena baada ya kukwangua.

Swali ni maji gani. Visima vingi vya pwani ni vya maji ya chumvi, na sehemu nyingi za kuoshea magari hutumia kisima. Unalipa pesa ili gari lioshwe kwa chumvi! Jaribio ni rahisi, mama zetu wanalijua: kama sabuni ya mche haitoi povu vizuri, maji hayo usiyaamini. Tope zito unaweza kulitoa kwa maji ya kisima, lakini suuzo la mwisho liwe maji ya bomba yaliyo matamu au ya mvua uliyoyakinga. Mapipa mawili ya lita 200 yananitosha kwa kazi nzima.

Fuata utaratibu huu. Shusha kwanza tairi la akiba na ngao za plastiki. Zibua matundu yote ya kutolea maji kwa waya mnene au bisibisi. Tope gumu linaloanguka hapo litakushangaza. Ingiza mpira wa maji ndani ya boksi kutokea mbele, uyaache yatoke nyuma, halafu ubadili upande. Endelea mpaka maji yatoke meupe. Kwenye pikapu yangu ilichukua karibu saa mbili, na ndoo nzima ya mchanga ilitoka, mweupe kabisa wa ufukweni, na magamba ya samaki ndani yake. Nje tumia mashine ya presha na sabuni ya kuondoa grisi, kwa sababu palipo na oili hakuna rangi itakayoshika.

Kisha acha likauke siku nzima juani, pua ikiwa juu kidogo ili maji ya ndani yatiririke nyuma. Mwenye kompresa apulize hewa ndani ya boksi tundu kwa tundu. Ukiona bado inatoka mvuke au matone, subiri kesho. Haraka ya hapa utailipa baadaye.

Kukwangua

Vaa miwani iliyofunga pembeni, barakoa ya vumbi, glavu na kofia. Waya za brashi ya grenda hukatika na kuruka kama sindano. Zimetoa watu macho.

Magamba mazito yapige kwanza kwa nyundo yenye ncha bapa, ile ya kutolea uchafu wa kuchomelea, na patasi ya zamani. Usianze na brashi ya waya ya grenda. Inang'arisha kutu badala ya kuitoa: inaacha uso mweusi unaometa, na wewe unadhani umefika kwenye chuma. Ukikwangua kwa ncha ya bisibisi unakuta unga wa kahawia chini yake. Baada ya nyundo, tumia diski za msasa za namba 60 au 80 kwenye sehemu bapa, ukiwa na mkono mwepesi ili usipunguze chuma kizima. Kwenye kona na viungo maliza kwa brashi ya mkono na msasa.

Kwenye mji wenye fundi wa kupiga mchanga, yaani kung'oa kutu kwa mchanga unaorushwa kwa hewa, kazi hii yote hufanywa kwa saa chache, na inakwenda hadi vishimoni ambako diski haifiki. Lakini chesisi inatakiwa iwe imevuliwa bodi, na mchanga huingia kila mahali, ukiwemo ndani ya breki na propela shafti. Kama hutaki kuivua bodi, baki na nyundo na msasa.

Ukimaliza, suuza tena kwa maji matamu, futa, kausha kwa hewa. Ndani ya saa chache chuma kitupu cha pwani hupata rangi ya chungwa nyepesi. Usishtuke, ifute kwa msasa kabla tu ya kupaka. Ila usilaze chuma kitupu usiku kucha. Kwangua eneo ambalo utaweza kulipaka siku hiyohiyo. Siku moja mbele, siku nyingine katikati, siku nyingine nyuma.

Palipo na tundu

Sitamfundisha mtu kuchomelea kwa maandishi. Nitasema tu yale ambayo mwenye gari anapaswa kuyasimamia akiwa amekaa kwenye kigoda pembeni ya fundi, kwa sababu mafundi wengi hupiga kiraka kama cha ndoo.

Betri ifunguliwe nyaya zote mbili. Tangi la mafuta, kama liko karibu, lishushwe, siyo lifunikwe gunia bichi. Bomba za breki na nyaya zivutwe mbali. Gari lisimame sawasawa juu ya stendi, chesisi ikiwa imebebwa pande zote mbili za mahali panapokatwa, la sivyo itajipinda kidogo na gari litatembea kama kaa.

Chuma kilichooza kikatwe chote mpaka kwenye kizima. Kuchomelea bati jipya juu ya kutu ni kushona kiraka kwenye nguo iliyochakaa: uzi utashika, nguo itachanika pembeni. Bati la kiraka liwe na unene sawa na la chesisi. Likiwa nene mno, mhimili unakuwa mgumu hapo na kukatikia jirani yake. Ncha za kiraka zikatwe mshazari au zichongwe kama mdomo wa samaki, maana mstari wa kuchomelea ulionyooka kukatiza mhimili, juu mpaka chini, ndio njia ambayo ufa hupenda. Na kingo za juu na za chini za mhimili ndizo zinazobeba mzigo mwingi, hivyo fundi asizichimbe kwa moto bila sababu.

Mkumbushe pia kwamba upande wa ndani, moto umechoma kinga yoyote iliyokuwapo. Ndiyo maana ndani tunapaka mwisho, baada ya kazi yote ya moto.

Dawa ya kubadili kutu

Hata ukikwangua vipi, vishimoni hubaki kutu kidogo. Hapo ndipo inapoingia dawa ya kubadili kutu. Ziko za aina mbili kubwa. Za asidi ya fosforiki hugeuza kutu kuwa fosfeti ya chuma, utando wa kijivu. Za tanini huigeuza kuwa utando mweusi wa bluu. Tanini, kwa taarifa yako, ndiyo ileile iliyomo kwenye magome ya mkoko, ambayo zamani yalisafirishwa kutoka Rufiji na Lamu kwenda kutengenezea ngozi. Usiende kumenya mikoko, tafadhali. Dawa ya kopo inajulikana nguvu yake, na mikoko inatuzuilia bahari.

Dawa hizi hufanya kazi juu ya kutu, hazina kazi juu ya chuma kinachong'aa, na hazipenyi magamba. Paka kwa brashi, tabaka jembamba, subiri muda ulioandikwa kwenye kopo. Kama ni ya asidi inayotaka kusuuzwa, suuza kweli, maana asidi iliyobaki huzuia rangi ya epoksi kushika. Na ndimu, siki, soda? Zinatoa kutu kwenye bolti uliyoiloweka usiku kucha ndani ya kikombe. Huwezi kuloweka chesisi.

Rangi ya nje

Rangi nyekundu ya msingi inayouzwa kila duka la vifaa vya ujenzi si mbaya, lakini peke yake hupitisha maji; inataka kufunikwa. Mimi nimehamia kwenye epoksi ya makopo mawili, rangi na kigumishi chake. Hushika chuma kama kucha, haiogopi oili wala dizeli. Udhaifu wake ni jua, ambalo huichakaza, na chini ya gari jua halifiki. Lita mbili na nusu hivi zilinitosha kwa matabaka mawili.

Changanya kwa kipimo kilichoandikwa, siyo kwa macho, na changanya kidogo kidogo. Kwenye joto letu huanza kukaza ndani ya kopo kabla hujafika mhimili wa pili. Nimewahi kutupa nusu lita iliyogeuka jiwe nikiwa nazungumza na simu.

Kabla ya kupaka eneo lote, chukua brashi ndogo upake kwanza kingo, vichwa vya bolti, mistari ya kuchomelea na pembe. Rangi yoyote ikiwa mbichi hukimbia kingo kali na kuacha utando mwembamba, na kutu mpya huanzia hapo. Zikishika, ndipo upake kote. Tabaka la pili lipakwe ndani ya muda unaoruhusiwa na kopo. Ukipitiliza, lazima upige msasa kwanza. Ukiweza, ya kwanza iwe ya kijivu na ya pili nyeusi, ili uone ulikoruka.

Visivyopakwa rangi: mipira ya breki, bushi, chuchu za grisi, propela shafti mahali inapoteleza, eksozi, na mahali nyaya za ethi (zinazorudisha umeme kwenye betri) zinapokutana na chesisi, kwani rangi huzuia umeme na taa zikaanza vituko. Kwenye Hilux ya zamani kuna pia valvu ya breki ya nyuma yenye fimbo inayopima uzito wa mzigo. Fimbo hiyo lazima icheze. Ikigandishwa na rangi au lami, breki za nyuma hazitajua kama umebeba.

Ndani ya boksi

Hii ndiyo hatua ambayo mwenye gari hufikiri ni ya ziada. Ingekuwa lazima nichague moja tu kati ya kupaka nje na kupaka ndani, ningechagua ndani.

Ndani hakuna mkono unaofika wala msasa, kwa hiyo rangi ngumu haifai: ingekaa juu ya vumbi la kutu na kupasuka. Kinachofaa ni kitu laini kinachotambaa, kinachopenya kutu na kubaki na unyevu wake wa mafuta. Nta maalumu ya kunyunyizia ndani ya maboksi yaliyofungwa ya gari ndiyo bora. Ya mafuta ya sufu ya kondoo nayo ni nzuri sana. Vyote viwili vikikosekana, oili safi ya giaboksi iliyo nzito ni bora kuliko kutopaka chochote, ila utairudia kila mwaka.

Kifaa cha kunyunyizia hujitengenezea. Chukua mpira mwembamba mgumu wa mita mbili unaopita kwenye matundu ya chesisi, uzibe ncha yake, na utoboe vitundu vinne vidogo kuizunguka karibu na ncha. Upande mwingine uunge kwenye bunduki ya kunyunyizia ya kompresa. Usukume mpira mpaka mwisho wa boksi, fungua hewa, na uuvute nje polepole ukinyunyiza. Nta ikiwa nzito, weka kopo juani saa moja, hutahitaji jiko. Moto usisogee, hiyo nta ina kiyeyusho kinacholipuka.

Endelea tundu kwa tundu mpaka uone inadondoka kwenye matundu ya chini. Tandaza maboksi sakafuni, acha idondoke usiku mzima, kisha asubuhi pitisha waya kwenye kila tundu la kutolea maji. Tundu lililozibwa na nta ni kosa lilelile la tope, kwa gharama kubwa zaidi.

Oili chafu na lami

Kila gereji ina mtu atakayekwambia upulize oili chafu na dizeli. Inazuia maji, sikatai, na wazee wamezeeka na magari hivyo. Lakini oili iliyotoka kwenye injini imebeba asidi, maji na unga wa vyuma. Hulainisha na kuvimbisha bushi za mpira. Hudondoka ardhini, na huku visima vyetu ni vifupi. Kwenye ngozi yako nayo si ya kuchezea, ina vitu vinavyohusishwa na saratani. Halafu hunasa vumbi mpaka chini panakuwa na ugali mweusi ambao siku ya kutengeneza hakuna fundi anayetaka kuugusa.

Lami, au andasili kama wanavyoiita, ina kazi yake: juu ya rangi nzima, mahali panapopigwa mawe nyuma ya tairi. Juu ya kutu ni hatari, kwa sababu hukauka, hupasuka nyufa nyembamba kama nywele, maji huingia kwenye ufa na hayatoki. Ndivyo nilivyouziwa Hilux yangu. Ukiona pikapu ya zamani inauzwa na chini yake kuna lami inayonuka upya, omba ruhusa ya kugonga kwa nyundo. Muuzaji akikataa, amekujibu.

Matunzo

Ukitoka ufukweni, au umebeba samaki, mwani, chumvi au samadi, osha chini siku hiyohiyo kwa maji matamu, na mpira uingie ndani ya mihimili dakika tano. Kama samaki ndiyo biashara yako, tengeneza sakafu ya trei ya plastiki nzito au mabati yenye kingo, na mpira wa kupeleka maji ya barafu nyuma kabisa, yapite mbali na mhimili na ekseli. Kazi hiyo ya siku moja ingeiokoa chesisi yangu.

Mara mbili kwa mwaka ingia chini na taa: mwishoni mwa Februari kabla ya masika, na Juni masika yakiisha. Zibua matundu, gusa palipochubuka kwa brashi ndogo ya epoksi, na rudia nta ya ndani kila baada ya miaka miwili. Oili, kila mwaka. Kopo dogo la rangi hifadhi kivulini, na kigumishi chake mbali nalo.

Mvua kubwa ya kwanza ikinyesha baada ya kazi hii, endesha kidogo, egesha mahali penye mwinuko, chuchumaa nyuma ya gari usikilize. Ukisikia maji yanadondoka kutoka kwenye mihimili kwa dakika kadhaa kisha yananyamaza, matundu yanafanya kazi. Ukiwasha gari asubuhi, ukapiga breki na kusikia maji yanachezacheza ndani ya chesisi, chukua waya urudi chini.